Chungu cha Bibi na Swali la Dini

Katibu Kata wetu alijaliwa sauti nzuri kuliko habari alizokuwa nazo. Akisimama mbele ya ghala la ushirika, hata ukiwa bondeni unachota maji ungemsikia, na ungeamini kila neno mpaka wiki inayofuata, atakaposimama palepale kulikanusha. Katika miaka ile ya Ujamaa tulikuwa tumeshamzoea. Alitutangazia kwamba shamba la kijiji litalimwa Jumatatu, akatutangazia kwamba litalimwa Jumatano, kisha akatuita kutuuliza kwa nini hatukuonekana Jumatatu. Lakini hakuna jambo alilolivuruga kwa ustadi kama sensa.

Sensa ninayoisema si ile ya kwanza baada ya Uhuru. Wakati wa ile ya kwanza nilikuwa mdogo, na Babu, baba yake baba yangu, alikuwa hai. Karani alifika kwetu, huku kati ya Vuga na Mponde, akauliza kila kitu, kabila na dini vikiwemo. Babu alimwambia aandike Wasambaa. Alipoulizwa dini, akasema, "Zote mbili zipo, tena zinakula vizuri." Karani alicheka, akaandika alichoandika, akapewa ndizi za kuchoma, akaenda zake. Hakuna aliyenuna.

Hizo dini mbili zilikujaje katika ua mmoja? Babu alikuwa na wana wawili wa kiume. Mkubwa, ambaye ndiye baba yangu, alipelekwa shule ya misheni, na siku hizo misheni haikumfundisha mtu kusoma bila kwanza kumwagia maji kichwani. Akarudi nyumbani na jina jipya, kitabu cha nyimbo na kaptula. Mdogo wake alibaki nyumbani, akasomeshwa Kurani na shehe wa bondeni. Basi mzee mmoja akawa amelea mzee wa kanisa la Kilutheri na mwalimu wa madrasa, na wala hakuona ajabu. Kwake ilikuwa kama kupanda mahindi na maharage katika shamba moja.

Mama yao, yaani Bibi yangu, alikuwa na mambo yake. Alibatizwa akiwa msichana, kisha akaolewa na Babu kwa ndoa ya Kiislamu na kupewa jina lingine. Majina yote mawili aliyaweka mbali kama vyombo vya wageni. Siku ya Ijumaa alijitanda kanga na kukaa kimya mpaka watu watoke msikitini. Siku ya Jumapili alipalilia viazi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukwaruza. Ukimuuliza yeye ni nani katika hayo, alikuuliza kama umeshakula.

Na kula ndiko kulikotuunganisha. Ua wetu ulikuwa na nyumba tatu: ya Baba, ya Baba Mdogo, na ya Bibi katikati. Jioni wote tulikula uani kwa Bibi, kutoka chungu kimoja kikubwa cha udongo kilichokuwa cheusi mpaka shingoni. Mama yangu na Mama Mdogo walipokezana kupika. Ikipatikana nyama, iwe kuku wa mgeni au mbuzi wa sikukuu, Baba alishika miguu na Baba Mdogo akachinja. Hata mbuzi wa Krismasi alichinjwa na Baba Mdogo, akisoma bismillahi yake bila wasiwasi, na Baba akisema amina kwa mazoea. Familia nyingi za kwetu zilikuwa hivyo: kisu kilishikwa na Mwislamu, ili asiwepo mtu wa kubaki na ugali mkavu. Kwa sababu hiyo Baba alifika utu uzima, akapewa uzee wa kanisa na funguo za sanduku la sadaka, bila kuchinja hata kifaranga.

Ikaja sensa ya pili. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la saba, nachuma chai katika kishamba chetu na kujiona najua dunia. Katibu Kata aliita mkutano ghalani. Akaeleza kwamba Serikali inataka kujua watu wake ili ipange maendeleo, na kwamba kila mmoja ataulizwa maswali. Fundi cherehani, mtu asiyeweza kukaa mkutanoni bila kusikia sauti yake mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Ndugu Katibu, na dini tutaulizwa?"

Katibu hakujua. Mtu mwingine asiyejua angesema hajui. Katibu alivuta kola ya shati lake, akasema, "Swali hilo lipo, tena ni la muhimu sana."

Hayo maneno machache yalitosha. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeshavuma kwamba dini yenye watu wengi ndiyo itakayojengewa zahanati upande wake wa kilima, maana msikiti ulikuwa upande huu na kanisa upande ule. Nani alisema? Kila niliyemuuliza alisema amesikia kwa mwenzake. Wazee wa msikiti wakakutana. Wazee wa kanisa wakakutana. Fundi cherehani alikwenda kote kuwili.

Nadhani habari zilifika bomani Lushoto, kwa sababu Katibu aliitwa huko akarudi amenywea. Akakusanya watu tena. "Ndugu wananchi, swali la dini halipo. Serikali yetu haina dini."

"Limeondolewa?" akauliza fundi.

"Halijaondolewa. Halijawahi kuwepo."

"Lakini Ndugu Katibu, kwenye mkutano ule ulisema lipo."

"Nilisema lipo katika vichwa vya wachonganishi!"

Mkutano uliofuata akatangaza kwamba yeyote atakayeonekana akilizungumzia swali ambalo halipo atapelekwa ofisi ya Chama akajieleze. Basi hatukuzungumza kitu kingine chochote. Watu wa msikitini wakasema swali limeondolewa kwa sababu wakubwa wameogopa kuona Waislamu ni wengi. Watu wa kanisani wakasema limeondolewa kwa sababu wakubwa wameogopa kuona Wakristo ni wengi. Sijawahi kuona pande mbili zikikubaliana vizuri namna ile.

Na kwa kuwa Serikali imekataa kuwahesabu, wakaamua kujihesabu wenyewe. Kila upande uliwagawia wazee wake sehemu za kijiji. Baba akapewa sehemu yetu kwa niaba ya kanisa. Baba Mdogo akapewa sehemu hiyohiyo kwa niaba ya msikiti. Wakawa wanapishana njiani, kila mmoja na uso wa mtu aliyetumwa na mbingu, wakigonga milango ya watu waliowajua tangu kuzaliwa. Kazi haikuwa ngumu, maana kila mtu alijulikana alipo. Katika sehemu nzima ya kijiji alibaki mtu mmoja tu asiyejulikana wa wapi, naye alikuwa mama yao.

Kwa wengine huyo angekuwa bibi kizee mmoja tu, akosekane asikosekane. Kwa wanawe ilikuwa aibu. Mzee wa kanisa atasimamaje mbele ya wenzake aseme mama yake mzazi hayumo? Mwalimu wa madrasa atawafundishaje watoto wa watu wakati aliyemzaa ni wa upande wa pili? Wakaanza kumbembeleza. Baba alimletea sweta la sufu, kwa sababu ya baridi ya kwetu. Baba Mdogo akamletea doti ya kanga. Baba akapata sukari, ambayo dukani ilikuwa haipo ila mlango wa nyuma ilikuwepo. Baba Mdogo akaagiza halua Tanga. Bibi alipokea vyote na kushukuru vizuri. Sukari na halua alitugawia sisi wajukuu, na wanawe wakasimama pembeni wakitazama kampeni zao zikitafunwa. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akichumbiwa kwa bidii kiasi kile.

Jioni moja, chungu kikiwa katikati na wote tumekaa, uvumilivu ulimwishia Baba.

"Mama, wewe si ulibatizwa?"

"Na ndoa yake ilifungwa na nani, kaka?" Baba Mdogo akadakia. "Na mchungaji?"

Bibi alimaliza tonge lake kwanza. "Aliyenibatiza amekufa," akasema. "Aliyenifungisha ndoa amekufa. Niliyewazaa naye amekufa. Mnataka nimfuate yupi upesi?"

Tulidhani wataona haya. Hawakuona. Waliendelea kula kama watu wanaongoja zamu nyingine.

Zamu hiyo ilifika siku wazee wenzake Baba walipokuja kukagua hesabu. Wageni wa namna hiyo hupikiwa kuku. Baba akakamata jogoo, akamwita mdogo wake kama alivyomwita maisha yote. Baba Mdogo alitoka mpaka mlangoni kwake, akasimama na kisu kiunoni. Kumbe msikitini alikuwa ameshasutwa kwamba anawachinjia watu wanaotaka kumwibia mama.

"Mchinje mwenyewe, kaka," akasema. "Si mko wengi?"

Mbele ya wageni Baba hakuweza kurudi nyuma. Alichukua kisu cha jikoni cha Mama, kile cha kumenyea viazi, akamkanyaga jogoo mbawa kama alivyoona wengine wakifanya, akafumba macho. Nasema alifumba macho kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake. Akakata kidogo, akaona damu, akaachia. Jogoo akainuka, akatupita sote, akaingia kwenye michai. Wazee wa kanisa wakamfuata na viatu vyao vya Jumapili, mmoja huku, mwingine kule, wakiambiana "Huyo! Huyo!" Walimpata baadaye kidogo chini ya mchai, amekufa peke yake.

Mama alimpika, kwa kuwa angefanya nini. Wazee wakala. Upande wa Baba Mdogo hakuna aliyegusa, na hapo hata mimi binti wa mzee wa kanisa sikuweza kuwalaumu, maana ule ulikuwa mzoga. Mama Mdogo akainuka kimya, akaenda jikoni kwake, akawasha moto. Kesho yake akawasha tena. Kesho kutwa Mama naye akapika kwetu. Chungu kikubwa kilioshwa, kikafudikizwa karibu na mafiga ya Bibi, na hapo ndipo kilipobaki.

Bibi akawa analetewa sahani mbili kila jioni, moja kutoka kila upande, na kila upande ukichungulia aanze na ipi. Alizishusha zote chini, akamega kidogo huku na kidogo kule, akaacha. Alianza kupungua. Mikono yake ndiyo iliyonionyesha, kwa sababu bangili ya shaba aliyovishwa na Babu ilianza kuteleza mpaka kwenye vidole. Niliwachukia Baba na Baba Mdogo kwa zamu, leo huyu, kesho yule, na siku za chai nyingi, nikiwa na muda wa kuwaza, niliwachukia wote kwa pamoja.

Siku ya kuhesabiwa ilipofika, alikuja karani kijana, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Magamba, amevaa koti la mvua na penseli sikioni. Aliamkia wote vizuri, Bibi akitangulia. Baba alikuwa amevaa suruali ya kanisani. Baba Mdogo alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi. Pamoja na yote yaliyotangazwa, walikuwa wakilingoja swali lao, kila mmoja akiamini kwamba Serikali imelificha ili kuwashtukiza wenzao.

"Naanza na kaya," akasema karani. "Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Hapa kuna vyungu vingapi?"

Sauti pekee ilikuwa ya kuku waliobahatika kubaki.

"Viwili," akasema Baba hatimaye, akitazama viatu vyake.

"Sawa. Na Bibi anakula chungu kipi?"

"Changu," wakasema wote wawili.

Karani alitabasamu kidogo, akadhani ni utani wa ndugu. "Mtu hahesabiwi mara mbili, wazee wangu. Lazima awe huku au kule."

"Ni mama yangu mimi niliye mkubwa," akasema Baba.

"Na mimi nimeokotwa?" akauliza Baba Mdogo.

Karani akawaacha, akachuchumaa mbele ya Bibi, akamuuliza kwa upole wake, "Bibi, wewe chungu chako ni kipi?"

Bibi akanyoosha mkono ule wenye bangili kuelekea mafigani. "Changu ni kile pale kilichofudikizwa."

"Wanaokula humo ni akina nani?"

"Nimebaki mimi."

"Na mkuu wa kaya?"

"Si nimesema nimebaki mimi? Au nimtafute mwingine?"

Karani aliandika. Kisha akaendelea na mengine, miaka, kuzaliwa wapi, kusoma mpaka wapi, akimaliza nyumba ya Baba na kuhamia ya Baba Mdogo. Alipofunga mkoba wake, Baba alimuuliza kama amesahau jambo. "Uliza tu, mwalimu, usiogope," Baba Mdogo akamtia moyo. Karani akasema maswali yamekwisha. Serikali ililiondoa swali la dini ili isitugawe, ikaacha lile la chungu, ambalo lilitukuta tumeshagawanyika. Lakini hilo hakuna aliyelitangaza ghalani.

"Umeniandika peke yangu?" Bibi akamuuliza karani akiwa anaondoka.

"Ndiyo, Bibi."

"Hongera kwa kazi, mwanangu. Nenda salama."

Jioni hiyo sahani mbili zilipoletwa, alizirudisha zote zikiwa zimejaa. Akasema Serikali imemwandika peke yake, naye hawezi kula vya kaya za watu. Akateleka maharage katika kisufuria. Kesho yake maharage tena, siku nyingine magimbi, siku nyingine mnavu aliochuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Alikataa nyama, alikataa maziwa, akakataa hata chumvi yetu, akawa anaiomba kwa jirani. Nilikwenda kupika naye nikafukuzwa. "Wewe umeandikwa kwa baba yako," akaniambia, bila hasira, kama mtu anayenisomea kanuni.

Wanawake hawakuwa na ugomvi. Mama na Mama Mdogo walipitishiana moto na vitunguu juu ya uzio wa miti ya masale uliotenga majiko yao, wakasengenya waume zao kwa sauti ya chini, wakacheka. Wanaume ndio walioshindwa. Baba alisimama kanisani akaomba mama yake apewe hamu ya kula. Baba Mdogo alisomesha dua kwa nia hiyohiyo. Mbingu zilisumbuliwa kutoka pande mbili, na chungu chenyewe kiko pale uani, kinahitaji mikono miwili tu ya kukigeuza.

Mvua za vuli zilipoanza, Katibu Kata akaita mkutano kutoa shukrani. Sauti ilikuwa imemrudi. Akasema sensa imepita salama, wananchi wamewashinda wachonganishi, na kijiji chetu kimetia fora katika kata nzima, kwani kaya zimeongezeka mno kuliko ilivyotarajiwa. "Huu, ndugu wananchi, ndio ushahidi wa maendeleo!" Akaanza kupiga makofi, ikabidi na sisi tupige.

Nilitazama watu wakipiga makofi nikaona wengi hawainui macho. Kumbe si kwetu tu. Wapo waliotengana vyungu kwa sababu ya dini kama sisi, na wapo waliotengana kwa sababu ya sukari, maana ilivuma kwamba mgao utafuata kaya. Kuna mzee mmoja na wanawe waliojifanya hawajuani mpaka karani apite. Hayo ndiyo maendeleo tuliyokuwa tukiyapigia makofi.

Bibi akasimama. Hakuwa mtu wa mikutano, na watu wakampisha. Alikuwa amevaa sweta la Baba na juu yake amejitanda kanga ya Baba Mdogo.

"Shikamoo, Bibi," akasema Katibu.

"Marahaba. Hizo kaya mpya unazozishangilia, moja ni mimi."

"Hongera sana, Bibi!"

"Usinipe hongera. Nilikuwa na kaya yangu imejaa ua, ukaja ukasema swali lipo, ukasema halipo, ukasema halijawahi kuwepo. Wanangu walipomaliza kulitafuta nikabaki na kisufuria. Nataka unitoe katika hesabu yako, unirudishe kwenye chungu changu."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Katibu akavuta kola yake. Akaeleza kwamba hesabu imeshapelekwa Lushoto, na Lushoto wameshaipeleka Dar es Salaam, na hesabu ikishafika Dar es Salaam haibadiliki mpaka sensa ijayo.

"Ni lini hiyo?"

"Kama miaka kumi hivi, Bibi."

Bibi aligeuka akawatafuta wanawe, ambao walikuwa wamekaa mbalimbali, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile.

"Mmesikia?" akawaambia. "Miaka kumi ya maharage. Na mimi miaka kumi sina."

Akaketi. Baba aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamwanguka, asiiokote. Baba Mdogo alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kwa sauti, mwalimu wa madrasa, mbele ya wanafunzi wake.

Jumamosi yake, siku ambayo kwetu haikuwa ya msikiti wala ya kanisa, Baba alimfungua mbuzi wake dume akamkokota mpaka mlangoni kwa mdogo wake. Akabisha hodi. Kaka mkubwa kumbishia hodi mdogo wake katika ua wao wenyewe, hilo sikuwa nimeliona.

"Kisu chako kipo?" akamuuliza.

"Kipo, kaka."

"Basi njoo. Mimi nitashika miguu. Nisije nikamkimbiza na mbuzi."

Baba Mdogo alijizuia, akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka mbuzi mwenyewe akatulia. Mimi nilitumwa kugeuza chungu. Ndani buibui alikuwa ameshajenga, na chini kulikuwa na unyevu wa mvua. Nilikisugua kwa majivu huku Bibi akinielekeza kutoka kwenye kigoda chake, kwamba nisikikwaruze, kwamba shingo bado, kwamba siku hizi wasichana hawajui kuosha. Sikuwahi kufurahi hivyo kukaripiwa.

Nyama ilipoiva, akapewa yeye wa kwanza, mnofu laini wa mgongoni. Alitafuna upande mmoja. Akahamishia upande wa pili. Kisha akautoa mdomoni, akampa mtoto wa mwisho wa Baba Mdogo. Miezi ile ya kisufuria ilikuwa imeondoka na meno yake ya mwisho, na hakuwa amemwambia mtu.

"Mmekawia," akasema. "Nipeni mchuzi."

Alikunywa mchuzi kwa bakuli, akampa Baba, Baba akanywa, akampa Baba Mdogo, naye akanywa. Mimi nililia, na moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Bakuli liliporudi, Bibi akalijaza mwenyewe, minofu mizuri na mchuzi juu, akanikabidhi. "Mpelekee Katibu," akasema. "Yule yuko mbali na kwao, anajipikia. Mwambie ni chakula cha kaya aliyoihesabu vibaya."

Nilimkuta katika chumba chake nyuma ya ofisi, peke yake, na kikombe cha chai ya rangi. Nilimwamkia, nikampa salamu za Bibi kama zilivyo. Alishukuru sana, akavuta bakuli karibu, akainamia harufu. Mkono ulikuwa umeshashuka kuchukua kipande ulipositasita.

"Binti," akaniuliza, "nani amechinja?"

"Ndugu Katibu," nikasema, "swali hilo halipo. Halijawahi kuwepo."

Alinitazama, akalitazama bakuli, mvuke ukimpanda usoni. Njaa ikamshinda, akala. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza, kwa kuwa bakuli lilikuwa la Bibi na niliambiwa nirudi nalo.